Mkono wa Sikuzani Ndani ya Maji

Yule mama anayeshusha mboga kutoka mlimani alipofunua tenga lake pale sokoni Mafiga, harufu ya majani ya mgomba yaliyolowa ikanipiga puani nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Nyinyi wa rika langu mnaijua. Jani la mgomba likifunikwa juu ya kabichi na karoti, likasafiri nazo tangu alfajiri, halinuki tena jani. Linanuka safari, linanuka jasho la shingo ya mwanamke.

"Bibi, unajisikia vibaya?" yule mama akaniuliza.

"Sijisikii vibaya, mwanangu. Nimekasirika tu."

Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekata simu na mhariri wangu. Ni kijana mpole, amesoma, shikamoo yake ndefu kama treni, na ananiita mama yangu. Mama yangu, kitabu ni kizuri sana. Mama yangu, tumekipenda hapa ofisini. Ila mama yangu, pale mwishoni. Pale mwishoni mama wa Sikuzani arudi nyumbani, na Sikuzani awaombe radhi wazee kwa kuwa aliwaasi. Watoto wanahitaji funzo, mama yangu, na wanaonunua vitabu ni wazazi. Halafu nyuma ya kitabu tutaweka maneno machache, jinsi unavyopata mawazo yako. Milima, mawingu, ndege, vitu kama hivyo. Watoto wanapenda kujua.

Nikamwambia nitafikiria.

Sasa nimesimama mbele ya kabichi na hasira yangu, yule mama, ambaye anatoka kijiji chetu kule juu ya Mlali, akaacha kucheka akasema, "Kwani Bibi hujapata habari? Mzee Vitalisi amefariki. Wanazika kesho."

Kwa hiyo maneno machache ndiyo haya. Si machache, na sikumwandikia yule kijana. Nawaandikia nyinyi mliobebeshwa ngata ya majani kichwani mkiwa bado mnanyonya vidole, maana nyinyi sina haja ya kuwaeleza mteremko ni kitu gani.

Nililelewa na Bibi, mama yake mama yangu. Mama alikuwa ameondoka. Alikwenda Gairo na mwanamume aliyekuwa akinunua karanga, na huyo mwanamume, nilivyosikia wakubwa wakinong'ona, hakutaka mtoto ambaye si wake ndani ya nyumba yake. Mimi nilijua neno moja tu, Gairo. Sikujua kama ni mji au ni mtu au ni ugonjwa. Watu walilitaja kwa sauti ya chini, kama wanavyolitaja tumbo la kuhara.

Siku za gulio tulishuka na Bibi. Yeye alibeba tenga, mimi nilibeba fungu la vitunguu la kunitosha. Na kule kwetu, kama kwenu, hadithi hazisimuliwi mchana. Ukisimulia mchana unaota pembe, au mama yako anakufa, au unapotea njiani, kila nyumba ilikuwa na adhabu yake. Bibi alisimulia mchana kweupe. Nilipomuuliza kuhusu pembe alisema, "Hayo ni ya watu waliokaa. Sisi tunatembea. Pembe zitatushika wapi?"

Lakini alisimulia tukishuka tu. Tukipanda hakuna aliyesema neno, maana pumzi yote ilikuwa ya kupandia. Na alikoma mahali pamoja siku zote, kwenye daraja la magogo, pale kijito kinapokata njia. Ukivuka lile daraja unaanza kuonana na watu wa sokoni, na Bibi alibadilika akawa mwanamke mwingine, mkali, mwenye kubishania kila kichwa cha kabichi. Hadithi inaweza kuwa imefika shingoni mwa mtu, kisu kimeinuliwa, mguu ukikanyaga gogo la kwanza ananyamaza. Nililia, nikamvuta kaniki yake, nikagoma katikati ya njia. Hakujali. Gulio lijalo anaanzia palepale pa kisu.

Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza nilijifunza wapi kukata sura za kitabu, kwa nini zinakatika pabaya hivyo hata mtoto hawezi kulala. Nilimwambia sijajifunza mahali, shule niliachia darasa la nne. Urefu wa sura zangu ni urefu wa ule mlima.

Lakini nimetoka njiani. Ngoja nirudi.

Hadithi ya mwisho ya Bibi ilikuwa ya Sikuzani. Joka kubwa lilihamia kwenye chemchemi juu mlimani, likajizungusha kwenye jicho la maji, mto ukakauka. Siku lilipohamia lilikwenda na mama yake Sikuzani, aliyekuwa pale akichota. Wazee wakakaa, wakaamua kwamba mtu yeyote asipande, asije akalikasirisha joka. Watoto wakanywa maji ya matope wakanyamaza. Sikuzani hakunyamaza. Akapanda. Bibi alimpandisha mlima ule magulio mengi, kupitia kwenye nyuki, kupitia kwenye ukungu wenye mikono, kupitia kwa kikongwe anayefuma mkeka kwa nywele zake mwenyewe. Na mimi nilipanda naye huku miguu yangu inashuka.

Niliijua siri ambayo Bibi hakuitaja. Niliijua kwa akili yangu ya mtoto, na hakuna ambaye angenitoa hapo. Ile chemchemi ni Gairo. Lile joka ni mnunuzi wa karanga. Sikuzani ni mimi. Bibi anaogopa kunieleza kweli, kwa hiyo ananieleza hivi, kidogo kidogo, na siku hadithi ikifika mwisho nitajua kama mama anarudi. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Niliwahi kusikia watu wakisema Gairo ni kukavu, na nilikaa nikiwaza joka la majini linaishi vipi kule.

Njiani tulikuwa tunakutana na Vitalisi. Wakati ule hakuwa mzee, alikuwa mwanamume kijana mwenye suruali iliyotoboka gotini na kicheko kinachotangulia kona. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Mlioishi na utani mnajua, na watoto wenu wa siku hizi waelezeni kwamba mtani wako anaweza kukutukana mbele ya padri, na ukifa ndiye anayekuchimbia kaburi.

"Kizee, bado hujafa?" ndiyo ilikuwa salamu yake kwa Bibi. "Mimi jembe langu nimeshalinoa. Nitakuzika kichwa chini, usije ukarudi kutuuzia kabichi zilizooza."

"Utatangulia wewe," Bibi anajibu bila kupunguza mwendo. "Na siku hiyo nitaivaa hiyo suruali yako nizunguke nayo uwanja mzima, watu waone tundu ulilokuwa unaringia."

Wanacheka wote wawili, Vitalisi anamsaidia kuweka tenga vizuri, wanaachana. Mimi sikucheka. Nilimwangalia yule mtu nikaelewa kitu kimoja. Anasubiri Bibi afe. Amesema mwenyewe, na jembe amenoa.

Siku ile ya mwisho Sikuzani alifika kwenye chemchemi. Akapiga magoti. Akatia mkono wake ndani ya maji, na maji yakawa ya moto kama mwili wa mtu, na kutoka chini sauti ikauliza, "Nani anagusa maji yangu?"

Mguu wa Bibi ukakanyaga gogo.

Hakuvuka. Alikaa kwenye jiwe kando ya daraja akakohoa mpaka tenga likaelemea upande, nikalishika kwa mikono miwili. Siku ile mboga zilifikishwa sokoni na watu wengine. Bibi alirudishwa juu ameshikiliwa mabegani, na hakushuka tena.

Nilikaa kando ya kitanda chake nikimuuliza. Sikuuliza anaumwa wapi. Niliuliza, "Sikuzani alijibuje?" Naye alinitazama kwa yale macho yaliyoingia ndani akasema, "Tukishuka nitakwambia." Kila nilipouliza, jibu lilikuwa hilo. Tukishuka. Nami nikasubiri ashuke.

Akafa. Na makaburi yetu yako juu, kanisani misheni. Mnaelewa nilichokiona? Wanaume walilibeba jeneza wakaanza kupanda. Nilikimbia mbele yao nikasimama njiani, nikawaambia wageuke, Bibi anatakiwa ateremke. Mjomba akaninyanyua kama kuku akaniweka pembeni. Watu walisema mtoto ana uchungu. Sikuwa na uchungu bado, ule ulikuja baadaye sana. Nilikuwa na hasira. Walikuwa wanampandisha, na wote walikuwa wamenyamaza, maana ukipanda huna pumzi ya kusema.

Kaburi alichimba Vitalisi na watu wa ukoo wake. Alitoka mle ndani ana udongo mwekundu hadi kwenye kope, akasema kwa sauti, "Nimelipima, kizee ataenea, ila ulimi wake itabidi tuukunje." Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Kwangu mimi ushahidi ulikuwa umekamilika.

Mama alifika mchana, mazishi yamekwisha. Aliletwa na lori la mahindi. Alikuwa amevaa viatu vipya, vyeusi, vyenye kifungo cha kung'aa ubavuni, na alitembea navyo kwenye ule uwanja wetu wa mawe kwa uangalifu, kama mtu anayepita kwenye mayai. Alilia, sisemi hakulia. Wanawake walimpokea wakamkalisha kwenye mkeka. Nilipelekwa mbele yake. Alinishika kidevu akanitazama, akasema, "Umekua."

Basi. Nilisubiri neno la pili. Akageuka kupokea pole ya mtu mwingine.

Tulikuwa tumekula, watu wamekaa uwanjani, vilio vimetulia, ndipo mlango wa nyumba ya Bibi ukafunguka akatoka Bibi. Kaniki yake imefungwa kifuani, ngata kichwani, tenga juu ya ngata, na majani ya mgomba juu ya tenga. Mguu wa kushoto unaburuta kidogo. Mkono mmoja kiunoni. Alizunguka uwanja mzima akinong'ona peke yake kama alivyokuwa akinong'ona, akafika mbele ya mjomba akasimama.

"Kabichi hii nimeilea kuliko nilivyokulea wewe," akamwambia, kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Na wewe unaitazama kama kinyesi cha mbuzi. Nunua au uniondokee."

Mjomba, mtu mzima aliyekuwa amelia tangu asubuhi, alianguka pembeni kwa kucheka. Wanawake walipiga makofi. Katekista aligeuza uso upande wa kanisa, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Alikuwa Vitalisi, bila shaka. Nyinyi mmeshajua. Na mimi nilijua, niliona ndevu zake. Lakini alipopita karibu yangu, ile harufu ikanipata, ya kaniki yenye jasho na majani yaliyolowa, na nikajua jambo baya zaidi. Amemuua, kama alivyoahidi. Na kila kitu cha Bibi amekichukua, mguu, sauti, harufu. Basi na hadithi anayo.

Nikainuka nikaenda kumshika ile kaniki, kama nilivyozoea.

"Sikuzani alijibuje?"

Vitalisi akainama chini ya tenga lake, bado akiwa Bibi. "Sikuzani gani, mjukuu wangu?"

"Ametia mkono kwenye maji. Joka limeuliza nani. Bibi hakumaliza. Malizia."

Nadhani aliingiwa na huruma, na nadhani pia alipenda kutazamwa. Alivuta pumzi akaanza. "Aaa, Sikuzani. Yule aliyeambiwa na wazee asipande, akapanda. Joka likamuuliza nani, akasema ni mimi. Likamvuta mkono, likammeza. Na mama yake likammeza. Mpaka leo wamo tumboni wanalia. Kwa hiyo nyie watoto, sikieni wazee wenu."

"Eee," watu wakaitikia. "Kweli kabisa."

Kweli kabisa, wanasema, na mama yangu ameketi pale kwenye mkeka na amemezwa mbele ya macho yangu. Na mimi nimemezwa. Kwa sababu hatukusikia. Sijui kama mtu anaweza kukumbuka hasira kama anavyokumbuka chakula, lakini mimi naikumbuka ile, ilikuwa na ladha, ilikuwa kama umelamba kisu.

"Mwongo," nikasema.

Shangazi mmoja akanivuta mkono. "Huyo ni mtani, mama, haonewi hasira. Omba radhi."

"Mwongo. Bibi hakusema hivyo. Bibi hajawahi kusema kwa hiyo nyie watoto, hata siku moja." Nikaruka nikalipiga tenga ngumi. Halikuwa na kabichi ndani, lilikuwa na mavumbi tu.

Vitalisi akalitua. Akaitoa ngata kichwani, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, na safari hii alizungumza kwa sauti yake mwenyewe.

"Basi tuambie wewe."

Sikuwa na hadithi. Lazima mnielewe hapo, maana wanaoniuliza kuhusu mawazo hudhani yanakuja kama ndege wanaotua. Sikuwa na kitu kinywani zaidi ya kuchukia ile aliyoisema. Nikaanza kwa kuchukia.

Nikasema, joka liliuliza nani anagusa maji yangu, na Sikuzani akajibu, maji si yako. Joka halikuwahi kujibiwa, likashangaa, likalegea kidogo. Sikuzani akaona hadi chini. Mama yake amekaa kwenye kigoda, anasukwa nywele. Sikuzani akamwambia, mama twende. Mama akasema, huku kuna joto, kwenu mlimani kuna baridi. Sikuzani akamshika mkono, ukateleza kama kambale. Akamshika tena, ukateleza. Mama akamtazama akasema, "Umekua."

Hapo nikasikia mtu amevuta pumzi. Sikugeuka.

Nikasema, Sikuzani akauachia ule mkono. Akalipita joka, akang'oa jiwe lililoziba jicho la chemchemi, maji yakatoka. Akashuka nayo. Yeye anatembea na maji yanatembea kando yake, mpaka kijijini, mpaka mlangoni kwao, na watoto wakanywa.

"Na mama yake?" akauliza mwanamke mmoja wa upande wa Vitalisi, kwa sauti ya mtu aliyejisahau.

"Amebaki. Ana viatu vipya."

Hakuna aliyecheka. Watu wazima wote walitazama chini, na nilipogeuka niliona mama amejifunika kanga usoni na miguu ameikunja ndani ya nguo, viatu havionekani.

Aliondoka kabla ya matanga kuisha. Aliponiaga aliniuliza, "Ulimi huo umeupata kwa nani?" Nikamwambia kwa Bibi. Akatikisa kichwa akapanda lori. Wapo watakaosubiri niseme kwamba baadaye tulipatana. Hatukupatana. Alikufa kulekule Gairo, na mimi bado namkasirikia, na nakasirika pia kwamba amekufa nikiwa bado namkasirikia. Ndiyo hali ilivyo. Nimeshazeeka, sina sababu ya kuipamba.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilikuja mjini, nikapika uji kwenye shule ya watoto wadogo kwa miaka mingi. Uji wa moto haunyweki, na watoto wenye njaa hawasubiri, kwa hiyo niliwasimulia mpaka upoe. Uji ukipoa nanyamaza, hata kama kisu kiko shingoni. Walinichukia, na walikuja shule hata siku za homa. Mwalimu mkuu wa pale ndiye aliyeniambia niandike. Ninaandika kwa penseli, herufi kubwa kubwa, na binti wa jirani ananichapia.

Na tangu kitabu cha kwanza wamekuwa wakinigusa mwishoni. Sungura wangu aliyemkimbia simba, kitabu kilipotoka, nikakuta amerudi kumwomba msamaha. Sikuandika mimi. Kuku wangu aliyekataa kutaga, nikamkuta anataga, amefurahi, na picha imechorwa. Kwa hiyo nyuma ya kila kitabu changu kuna mtu amevaa kaniki ya Bibi anasema kwa hiyo nyie watoto. Niliwaachia sungura, niliwaachia kuku. Sikuzani nilimficha. Nilimficha mpaka mwaka huu, kwa sababu magoti yameanza kunikatalia na nikaona nikisubiri zaidi nitapandishwa juu naye.

Kesho yake, baada ya ile habari ya sokoni, nikaenda kumzika Vitalisi. Nilishushwa na gari pale barabara inapoishia, nikapanda polepole, bila kusema, kama inavyotakiwa. Watoto wa dada zake walinipokea kwa matusi mazuri. "Huyu mtani yu hai bado? Tulijua kaburi lako ndilo tutakaloanza kuchimba." Nikawaambia wachimbe mawili, la pili wakae humo wenyewe. Moyo wangu ukapata joto kidogo.

Baada ya mazishi niliomba suruali yake. Wazee wachache waliokumbuka maneno ya Bibi walianza kucheka kabla sijaivaa. Si ileile, bila shaka, lakini nayo ilikuwa na tundu gotini, sijui alikuwa anayachimba. Niliivaa juu ya kitenge changu, nikatia koti lake, nikatoka uwanjani na kicheko chake kinachotangulia kona. Nilizunguka uwanja mzima. Bibi alikuwa ameahidi, na ahadi ile haikuwa na mtu mwingine wa kuitimiza.

Watu walicheka, walilia, mambo yakaenda inavyostahili. Kisha nikawaona watoto, wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na soda yake. Nikaona niwape Sikuzani. Lakini niliwapa ya Vitalisi. Makusudi. Akapanda, akaulizwa nani, akamezwa, mama akamezwa. "Kwa hiyo nyie watoto," nikasema, nikasubiri mmoja aniambie mwongo.

"Tusikie wazee," wakaitikia wote kwa pamoja, kama wanavyoitikia darasani. Wakapiga makofi.

Nilisimama ndani ya suruali ya marehemu nikajisikia kuchoka kwa hasira. Sikuwakasirikia wao. Wao wamefundishwa. Niliona vitabu vyangu vyote vimekaa pale kwenye viti vya plastiki vinapiga makofi. Na nilijua nikishuka nitampigia yule kijana simu na kumwambia sawa, mrudishe mama. Nilikuwa nimefika hapo. Nasema kweli, nilikuwa nimefika.

"Babu hachekagi hivyo."

Alikuwa mtoto wa kike, kajukuu kake Vitalisi, amesimama peke yake karibu na mlango. Soda hakuwa nayo. Alinitazama kwa macho ambayo nayajua, maana niliwahi kutazama kwa macho hayohayo.

"Felista, nyamaza," mwanamke mmoja akamwambia. "Huyo bibi ni mtani."

"Babu anakohoa kwanza. Ndiyo anacheka. Huyu hajui."

Nikachuchumaa. Magoti yalilia kama mlango mbovu, ikabidi nishike ardhi kwa mkono mmoja, lakini nilifika chini.

"Basi tuambie wewe," nikamwambia.

Alinitazama kuanzia koti mpaka tundu la gotini.

"Vua kwanza suruali ya babu."

Nikavua. Palepale, mbele ya katekista na ukoo mzima, nikaikunja vizuri nikampa mkononi. Akaikumbatia kifuani. Kisha akakohoa, kikohozi kizito cha mwanamume aliyevuta tumbaku maisha yake yote, halafu akacheka, na uwanja mzima ukageuka kutazama kona ya nyumba, maana kile kicheko kilikuwa kinatokea kule.

Nilipofika kwenye daraja la magogo, ambalo siku hizi ni la zege, nikampigia mhariri. Shikamoo ikachukua muda wake.

"Mama wa Sikuzani anabaki majini," nikamwambia. "Ukimrudisha, nirudishie hadithi yangu."

"Lakini mama yangu," akasema, "na yale maneno ya nyuma ya kitabu? Jinsi unavyopata mawazo?"

"Andika kwamba mtoto aliniambia nivue suruali ya babu yake, nikavua."

Nikavuka daraja.